Königsberg ya Rufiji na Königsberg ya Norway: jina moja, meli tatu

*"Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwenyeji wa Rufiji, upande wa delta. Babu alituhadithia kwamba baba yake alikuwa miongoni mwa watu waliokokota vyuma vya manowari ya Wajerumani, Königsberg, iliyofia kwenye mikoko yetu mwaka 1915. Nyumbani tuna ganda la shaba la kombora, bibi huwekea bakora ya marehemu. Sasa mwanangu amesoma kwenye simu kwamba Königsberg ilizamishwa na ndege za Waingereza mjini Bergen, Norway, Aprili 1940, na picha akanionyesha. Mjomba anasema lazima Wajerumani waliifukua Rufiji wakaikarabati. Mnunuzi wa vyuma chakavu naye anasema ganda letu ni la vita vya pili, kwa hiyo bei yake ni ya kilo tu. Meli moja inazamaje mara mbili? Au babu alitupiga kamba?"*

Marahaba. Nianze na hilo la mwisho, maana nahisi ndilo lililokukera moyo: babu hakuwapiga kamba. Aliyosema yanakubaliana na kumbukumbu zilizoandikwa na pande zote mbili za vita ile. Mwanao naye hakukosea, kwani ipo kweli Königsberg iliyozamishwa Bergen tarehe 10 Aprili 1940. Aliyekosea ni mjomba, na kosa lake ni la kueleweka kabisa. Amesikia jina moja akadhani ni meli moja.

Wewe ni mtu wa pwani, kwa hiyo jambo hili unalijua tangu utotoni ila hujawahi kulitazama kwa upande wa meli. Mtoto wa kiume akizaliwa hupewa jina la babu yake. Bibi akimshika mjukuu huyo humwita "mume wangu", na watu wote hucheka, lakini hakuna hata mmoja anayedhani kwamba marehemu ametoka kaburini. Ni wajina. Jina limehama, na pamoja na jina imehama heshima, na pengine matarajio pia: mtoto anaambiwa tangu mdogo kwamba mwenye jina lake alikuwa mtu wa namna gani. Majeshi ya majini hufanya vivyo hivyo. Meli ikizama au ikistaafu, jina hutolewa kwa nyingine mpya, na mabaharia wapya hupanda wakiwa wameshabebeshwa historia ya watu ambao hawakuwaona.

Königsberg zilikuwa tatu.

Ya kwanza ndiyo yenu. Ilishushwa majini tarehe 12 Desemba 1905 katika mji wa Kiel, ikiwa na urefu wa mita 115, mabomba matatu ya moshi, na mizinga 10 yenye mdomo wa sentimita 10.5. Iliingia Dar es Salaam Juni 1914 chini ya nahodha Max Looff, wiki chache kabla ya vita. Agosti ikakamata meli ya mizigo ya Waingereza, City of Winchester, pande za Arabuni. Alfajiri ya tarehe 20 Septemba ikaikuta manowari ya Waingereza, Pegasus, imetia nanga bandarini Unguja ikishughulikia mitambo yake, ikaipiga mpaka ikazama. Baadhi ya mabaharia wa Pegasus wamezikwa kwenye kisiwa cha Chapwani, mkabala na mji. Baada ya hapo Königsberg ikajificha kwenye delta yenu, kwa sababu mitambo yake nayo ilikuwa imechoka.

Hapa ndipo hadithi ya babu inapoingia, na ningependa uisome polepole. Vipande vya mitambo vilivyoharibika vilifunguliwa, vikapakiwa kwenye magari ya mbao yasiyo na magurudumu, vikakokotwa na maelfu ya watu kupitia porini hadi karakana za Dar es Salaam, vikatengenezwa, vikarudishwa kwa njia ile ile. Vitabu vya Ulaya huitaja kazi hiyo kwa sentensi moja, kisha vinaendelea na habari za manahodha. Majina ya waliovuta kamba hayakuandikwa. Familia yako ni miongoni mwa chache ambazo bado zinakumbuka jina la mtu mmoja aliyekuwa pale, na hilo lina uzito kuliko ganda lenyewe.

Waingereza walizunguka midomo ya mto, wakazamisha meli kuukuu, Newbridge, Novemba 1914 ili kuziba njia. Mwisho wakaleta manowari mbili fupi zenye kina kidogo, Severn na Mersey, zilizoweza kupita juu ya mafungu ya mchanga wakati wa maji kujaa. Zilishambulia tarehe 6 Julai 1915 zikashindwa, zikarudi tarehe 11. Looff akaamuru meli yake itobolewe kwa mlipuko. Ndipo mizinga yote 10 ikaopolewa, ikawekewa magurudumu, ikapigana nchi kavu. Mmoja upo leo Fort Jesus, Mombasa, na mzinga wa Pegasus upo hapo hapo. Mwingine upo Pretoria, mwingine Jinja.

Sasa tuijibu nadharia ya mjomba. Je, gofu lingeweza kufukuliwa? Halikufukuliwa, na ushahidi wake ni rahisi. Mwaka 1924 John Ingle, yule yule aliyekuwa nahodha wa Pegasus, alinunua haki ya kuokota vyuma kwenye gofu hilo kwa pauni 200, akatuma wazamiaji wachukue shaba na madini mengine. Kazi ya kulibomoa iliendelea hadi miaka ya 1930, na mwaka 1966 mabaki yakadidimia kwenye tope la mto. Königsberg iliyozama Norway ilishushwa majini Machi 1927 na kuanza kazi Aprili 1929. Kwa hiyo ipo miaka ambayo Königsberg moja ilikuwa ikikatwa vipande Rufiji, na Königsberg nyingine ikisafiri Ulaya ikiwa na rangi mpya. Mwili mmoja hauwezi kuwa mahali pawili.

Katikati kuna ya pili, ambayo watu huisahau. Hiyo ilikuwa tayari inaundwa Bremen wakati ya kwanza bado imejificha kwenye mikoko yenu. Wajerumani walikuwa na sheria iliyopanga idadi ya manowari za taifa, na kila mpya iliagizwa kuchukua nafasi ya kuukuu fulani. Ikiwa bado karakanani haikupewa jina lake. Iliitwa tu "badala ya" ile kuukuu. Hii ilisajiliwa kama badala ya Gazelle. Jina lilitolewa siku ya kushushwa majini. Siku hiyo ilikuwa tarehe 18 Desemba 1915, miezi mitano baada ya kilio cha Rufiji, na jina la Königsberg lilikuwa limebaki bila mwenyewe. Likapewa meli ambayo hapo mwanzo haikuwa na uhusiano wowote nalo. Ikapigana Bahari ya Kaskazini, na Novemba 1918 ndiyo iliyompeleka admirali Hugo Meurer kwa Waingereza kupanga namna ya kusalimisha manowari za Ujerumani. Mwaka 1920 ikakabidhiwa Ufaransa, nayo Ufaransa ikaibadilisha jina kuwa Metz, mji ambao Ujerumani iliuchukua mwaka 1871 na Ufaransa ikaurudisha baada ya vita. Unaona jinsi jina linavyoweza kutumika kama mkuki.

Kwa nini wanajisumbua hivyo? Sababu ya kwanza ni ya kazi: meli ndogo za kivita za Wajerumani zilipewa majina ya miji, na mji wenyewe ulijivunia meli yake. Lakini sababu kubwa ni ya moyo. Meli ikizama kwa aibu, jina likiachwa, aibu hubaki imening'inia. Ikizama ikipigana, jina likarudi haraka, adui anaambiwa kwamba hajamaliza kitu. Mfano ulio wazi kuliko yote ni Emden. Ya kwanza iliharibiwa na manowari ya Australia, Sydney, kwenye visiwa vya Cocos tarehe 9 Novemba 1914. Ya pili iliposhushwa Februari 1916 ilibeba puani nembo kubwa ya Msalaba wa Chuma kwa ajili ya ile iliyotangulia. Mabaharia walionusurika wakaruhusiwa kuongeza neno Emden kwenye majina ya ukoo wao na kuwarithisha watoto. Kwa hiyo kuna watu walioitwa kwa jina la meli iliyoitwa kwa jina la mji. Na Emden hazijaisha: zimekuwapo za baada ya vita vya pili, mwaka 1961 na tena 1983.

Königsberg ndiyo iliyokatika. Mji wa Königsberg ulichukuliwa na Wasovieti mwaka 1945, na mwaka uliofuata ukaitwa Kaliningrad. Ujerumani haikuipa tena manowari yoyote jina la mji usio wake.

Waingereza nao wana utaratibu wao. Kwao sifa za vita ni mali ya jina, si ya chuma. Meli mpya hurithi orodha ya mapambano yote yaliyopiganwa na wajina wake, huandikwa kwenye ubao na kutundikwa melini. Mwaka 1954 orodha hizo zilipangwa upya rasmi. Na hapa kuna kitu ambacho nadhani kitakugusa. Jeshi la majini la Uingereza lina meli mbili za doria zilizoanza kazi mwanzoni mwa miaka ya 2000. Zinaitwa Severn na Mersey. Miongoni mwa sifa zilizorithi ni "Königsberg 1915". Vijana wanaosafiri nazo leo wana mto wenu kwenye ubao wao, iwe wanajua Rufiji iko wapi au hawajui. Tena zile Severn na Mersey za mwaka 1915 hazikuzaliwa na majina hayo. Ziliundwa kwa ajili ya Brazili, zikiitwa Solimões na Madeira kwa majina ya mito ya Amazon, na Waingereza wakazinunua vita vilipoanza.

Jina la Pegasus pia halikuzamia Unguja. Lilikuwapo tangu mwaka 1776, na likaendelea. Mwaka 1917 lilipewa meli ya kubebea ndege. Kisha likatokea jambo ambalo huwachanganya hata wanafunzi wa historia: mwaka 1934 Waingereza walitaka jina la Ark Royal, lenye sifa ya vita vya mwaka 1588 dhidi ya Wahispania, walitoe kwa meli mpya kubwa ya ndege. Lakini ilikuwapo bado Ark Royal kuukuu ikifanya kazi. Wakaivua jina, wakaiita Pegasus. Meli ile ile, mabaharia wale wale, jina jingine. Mtu akikuambia "babu yangu alihudumu Pegasus", huwezi kujua anasema ipi mpaka umuulize mwaka.

Hata Unguja ilikuwa na yake. Sultani Barghash alipoteza meli zake kwenye kimbunga cha mwaka 1872. Baadaye akaagiza Scotland meli mpya na kuiita Glasgow, kwa kuvutiwa na manowari ya Waingereza yenye jina hilo iliyokuwa imefika Unguja. Jina lilirithiwa kutoka kwa rafiki mwenye nguvu. Tarehe 27 Agosti 1896 rafiki huyo huyo akaizamisha Glasgow ya Sultani mbele ya kasri.

Mjomba ana haki ya jambo moja, na naomba umpe haki yake. Ipo kweli meli ya Wajerumani wa vita vile iliyozamishwa huku kwetu, ikainuliwa na kurudi kazini. Ni Liemba ya Ziwa Tanganyika. Iliundwa Ujerumani mwaka 1913, ikaletwa vipande vipande Kigoma, ikaitwa Goetzen. Wajerumani wenyewe waliizamisha Julai 1916 kwa uangalifu, mitambo ikiwa imepakwa grisi. Waingereza waliiinua mwaka 1924, ikaanza safari mwaka 1927 kwa jina la Liemba. Na kwa muda ilifungwa mzinga mmoja wa Königsberg! Sitashangaa kama mjomba alisikia hadithi hizo mbili utotoni zikaungana kichwani. Lakini ni kinyume cha kisa chako: Liemba ni mwili mmoja wenye majina mawili, na Königsberg ni jina moja lenye miili mitatu.

Ndiyo maana wanahistoria wa bahari wakitaja manowari huweka mwaka wa kushushwa majini kando ya jina: Königsberg ya 1905, ya 1915, ya 1927. Mwoneshe mwanao njia nyingine ya haraka. Akiona herufi SMS mbele ya jina, ni meli ya Kaizari, hivyo ni ya kwanza au ya pili. Ya tatu haikuwa nazo kwa kuwa Kaizari alikuwa ameshaondoka. Akitazama picha ahesabu mabomba ya moshi. Yenu ilikuwa na matatu. Ya Norway ilikuwa na mawili, na urefu wake ni mita 174.

Twende kwenye ganda. Kabla ya yote: je, lina kichwa? Kama juu yake bado kuna kombora lililochongoka, au huna hakika kama liliwahi kufyatuliwa, usilisogeze, usiligonge, usilisafishe. Watoe watoto, mjulishe mwenyekiti wa kitongoji na polisi, waje wataalamu wa mabomu. Miaka mia moja haiondoi hatari ya baruti. Kama ni kopo tupu lenye mdomo wazi, na ndivyo ninavyodhani kwa kuwa bakora inaingia, basi endelea kusoma.

Pima upana wa mdomo kwa ndani, kwa rula ya milimita, mara tatu, kwa pande tofauti. Königsberg ya pili na ya tatu zilibeba mizinga mikubwa ya sentimita 15. Yenu ilibeba ya 10.5. Ukipata karibu na milimita 105, maneno ya mnunuzi wako yameanza kupoteza nguvu. Ila sitaki nikupe matumaini yaliyozidi kipimo. Mizinga ya Pegasus ilikuwa ya inchi 4, sawa na milimita 102, kwa hiyo tofauti ni ndogo sana na ganda lililofyatuliwa hupanuka kidogo. Tena Machi 1916 meli ya Marie iliwaletea Wajerumani mizinga mingine ya sentimita 10.5 kupitia ghuba ya Sudi, isiyo ya Königsberg kabisa. Kipimo peke yake hakitoshi.

Kwa hiyo ligeuze, tazama kitako. Weka karatasi nyembamba juu yake, sugua kwa penseli iliyolazwa, alama zitajitokeza. Herufi M chini ya taji ni ya jeshi la majini la Kaizari. Mshale mpana ni wa Waingereza. Tai mwenye swastika ni wa miaka ya Hitler, na hapo mnunuzi atakuwa amesema kweli. Ukiona mwaka, uandike. Taji na M, pamoja na mwaka 1914 au wa kabla yake na upana wa milimita 105, vikikutana kwenye ganda lililokaa Rufiji vizazi vinne, hapo nitasema kwa moyo mkunjufu kwamba huenda mkononi mwako una kitu cha Königsberg. Nasema huenda, kwa sababu mizinga ile ilipopanda nchi kavu ilipiga makombora sehemu nyingi, na makombora mengine yaliletwa na meli nyingine ya msaada Aprili 1915. Kama liliokotwa deltani au liliokotwa njiani, ni familia tu inayoweza kusema.

Naomba sana msilisugue kwa msasa, wala kwa majivu na ndimu, hata kama bibi anapenda shaba ing'ae. Alama za kitako ni nyembamba, na zikifutika hakuna wa kuzirudisha. Kitambaa kikavu kinatosha.

Kuhusu kuuza, nitakuambia ninavyoona na uamuzi ni wenu. Kwa kilo mtapata fedha ya siku mbili tatu, na ganda litayeyushwa. Ukimkuta mkusanyaji wa vitu vya kale anaweza kutoa zaidi, lakini vitu hivi vipo vingi duniani na wengi hudanganywa kwa pande zote mbili, mwuzaji na mnunuzi. Thamani ya hili lenu inatokana na mahali lilipokaa na mtu aliyelileta, na thamani hiyo hupotea siku likitoka mlangoni bila maelezo. Lingekuwa langu ningelibakiza, au ningeliazima makumbusho kwa maandishi.

Mimi kwa barua siwezi kukuthibitishia chuma nisichokishika. Ukija Dar es Salaam, lipitishe Makumbusho ya Taifa, uombe kuonana na mtu wa historia, ukiwa na karatasi yako ya penseli na vipimo. Hapo hapo mjini kuna Nyaraka za Taifa, zenye mafaili ya utawala wa Wajerumani; sikuahidi kwamba utakuta jina la baba wa babu, maana nimeeleza jinsi wabebaji walivyoandikwa kwa ujumla. Kumbukumbu za jeshi la Ujerumani ziko Freiburg, na za manowari za Waingereza ziko Kew, London. Huko mtu huandikiwa, na ukiandika taja mwaka wa meli, usitaje jina peke yake.

Lakini kabla ya safari yoyote, kaa na bibi akiwa hajachoka, washa simu irekodi, umuulize ganda lilifika lini nyumbani, nani alilibeba, kutoka kijiji gani, na jina kamili la baba wa marehemu mumewe. Usimsahihishe akichanganya miaka. Ukishapata hayo, na vipimo vitatu vya mdomo, na picha ya kitako iliyopigwa mchana pasipo mwako wa jua, niandikie tena.